Kosa Lao, Nauli Yetu

Kijitabu cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi tunacho. Wengine tulikinunua, wengine tulitoa fotokopi, na wapo waliosomewa na watoto wao kifungu baada ya kifungu. Humo tulijifunza kwamba Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya haketi peke yake. Huketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Tulijifunza kwamba anayeshindwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Tukaenda barazani na mashahidi wetu, na hati za kuuziana zilizogongwa muhuri wa serikali ya kijiji, tukashinda. Kisha ushindi ukatutoka kwa jambo ambalo ukikipekua kijitabu hicho usiku kucha hulioni.

Jambo hilo lilisemwa mwaka 2018, katika ugomvi usiotuhusu ndewe wala sikio, kati ya Tubone Mwambeta na Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Kanuni za mwaka 2003 zilikuwa zimeshasema kwamba wazee watoe maoni yao kwa maandishi. Mahakama ya Rufani ikasogea hatua moja mbele: maoni hayo lazima yasomwe mbele ya wadaawa kabla Mwenyekiti hajaandika hukumu, ili kila upande ujue wazee wamesema nini na kama Mwenyekiti ameyazingatia. Katika shauri jingine la namna hiyohiyo, la Edina Adam Kibona na Absolom Swebe, Mahakama ikakaza kamba. Kama maoni ya wazee hayamo kwenye kumbukumbu za shauri, haitoshi Mwenyekiti kuandika ndani ya hukumu kwamba aliyazingatia. Mwenendo wote ni batili.

Hatubishani na msimamo huo. Wazee wa baraza hawakuwekwa pale kujaza viti. Ni haki yetu kusikia wamesema nini, na Mwenyekiti anayeyafungia maoni yao kabatini ametukosea sisi kabla hajaikosea Mahakama. Ugomvi wetu uko kwenye hesabu ya mwisho. Aliyepaswa kuwataka wazee waandike ni Mwenyekiti. Aliyepaswa kuyasoma maoni ni Mwenyekiti. Aliyepaswa kuhakikisha karatasi imeingia kwenye jalada ni Mwenyekiti na ofisi yake. Anayeanza upya ni sisi.

Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima mwenye ekari mbili, alikwenda masijala kuulizia nakala yake. Karani alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo bibi. Mwenendo umebatilishwa."

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo kusema nimeshindwa?"

"Hapana bibi, hujashindwa."

"Basi nimeshinda."

"Hujashinda pia. Shauri litasikilizwa upya, mbele ya Mwenyekiti mwingine na wazee wengine."

"Na yule ambaye hakuyasoma hayo maoni?"

"Yule alishahamishwa, bibi."

Kuanza upya ni neno jepesi mdomoni mwa asiyeanza. Shahidi aliyeona mipaka ikiwekwa amekwisha kufariki. Mwenyekiti wa kitongoji wa wakati ule amehamia kwa mwanawe, mkoa wa mbali, na nauli yake ya kuja na kurudi, chakula na malazi ni juu ya anayemhitaji. Wakili aliyelipwa kwa ng'ombe wawili hawezi kulipwa kwa ng'ombe walewale mara ya pili. Na yule aliyeshindwa anaendelea kulima shamba msimu hadi msimu, maana hukumu iliyomtoa imefutwa. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Halafu mwishoni mwa hukumu ya kubatilisha, mara nyingi, hukaa sentensi tunayoijua kwa moyo: kwa kuwa dosari haikusababishwa na mdaawa yeyote, kila upande utabeba gharama zake. Yaani wanakiri kwa maandishi kwamba kosa si letu, kisha wanatukabidhi bili. Hata uwanjani, mwamuzi akiharibu mechi ikaamriwa irudiwe, hatujasikia wachezaji wakichangishwa nauli ya mwamuzi wa pili.

Tumeuliza inakuwaje ugomvi wa Mbeya ukatufuata sisi wa Geita, Kilosa na Newala. Tumeelezwa, na maelezo yenyewe yana mantiki. Mahakama ya Rufani ndiyo ya juu kabisa nchini, na inachoamua kinazifunga mahakama zote zilizo chini yake. Si kila neno la hukumu linalofunga. Kinachofunga ni ile sababu iliyobeba uamuzi, na mengine yote aliyoyasema jaji akiwa njiani kuelekea huko yanabaki maneno ya hekima tu. Jaji wa Mahakama Kuu hamfungi jaji mwenzake, humshawishi. Ndiyo maana unawaona mawakili wasomi wameingia na mafaili mazito. Mmoja ametafuta kesi ya zamani inayofanana na yako. Mwenzake ametafuta mahali ambapo haifanani, ili aseme "shauri hilo, Mheshimiwa, linatofautiana na hili". Ukishindwa kufanana na aliyeshinda zamani, umeshindwa.

Sababu yake ni njema. Watu wawili wenye ugomvi wa aina moja wasipate majibu mawili kwa kuwa mmoja aliangukia kwa jaji mpole na mwingine kwa jaji mkali. Sisi ndio tunaohitaji usawa huo kuliko wote, kwa sababu hatuna wa kumpigia simu. Mila ya kufuata maamuzi yaliyotangulia tulirithishwa na Waingereza, na sheria zetu mpaka leo zinaitaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ambayo kanuni za mahakama zao na sheria zao za jumla zilipokewa Tanganyika. Babu zetu hawakuulizwa, lakini tusirudi huko. Tuseme tumeikuta nyumba imejengwa, tunaishi humo.

Tunachouliza ni nani anaruhusiwa kubadilisha, na anapobadilisha nani anaumia. Maana misimamo hubadilika. Baraza la Malodi la London, ambalo kwa miongo mingi lilijiona limefungwa na maamuzi yake lenyewe, mwaka 1966 lilitangaza kwamba kuanzia hapo litaweza kuyaacha pale itakapoonekana ni sahihi kufanya hivyo. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikasema vivyo hivyo katika kesi ya Dodhia na benki ya National and Grindlays. Mahakama hiyo ilikwenda na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, sisi tukaanzisha ya kwetu mwaka 1979, na katika kesi ya JUWATA dhidi ya KIUTA mwaka 1988 nayo ikasema: kwa kawaida nitafuata nilichoamua jana, lakini sijajifunga milele. Kwa kawaida majaji watatu hutosha kusikiliza rufaa. Kwa jambo zito la kuacha msimamo huketi watano. Ni utaratibu mzuri. Kasoro yake ni kwamba majaji wanapogeuka, sisi tuliokuwa nyuma yao tunakuwa tumekwisha kupita njia ya zamani.

Bunge likitunga sheria, huandika siku ya kuanza kutumika. Tunaweza kulilaumu Bunge kwa mengi, lakini tarehe huwa wanaweka. Mahakama haiweki. Kwa mila hiyo tuliyorithi, jaji hatungi sheria; anatamka tu sheria ilivyokuwa siku zote. Kwa hiyo msimamo wa mwaka 2018 unalikuta shauri lililosikilizwa mwaka 2014, likasikilizwa kwa namna ambayo kila baraza mkoani lilikuwa likisikiliza, na tunaambiwa lilikuwa batili tangu siku hiyo. Mwenyekiti wa 2014 hakujua. Wakili hakujua. Wazee hawakujua. Mama wa ekari mbili, ambaye hata kusaini alisainishwa kwa dole gumba, anahesabiwa kana kwamba alipaswa kujua.

Msituambie haiwezekani kuwa vingine. Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Golaknath mwaka 1967, ilibadilisha msimamo mzito wa katiba na papo hapo ikasema msimamo mpya utatazama mbele, yaliyokwisha kufanyika yabaki yalivyo. Na wala hatuhitaji kuvuka bahari. Katiba yetu, Ibara ya 30(5), inairuhusu mahakama, pale inapoona sheria au hatua ya Serikali inavunja haki za msingi, isiitangaze batili hapo hapo bali iipe mamlaka inayohusika muda wa kurekebisha. Ruhusa hiyo si pambo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilivikataa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Rebeca Gyumi, aliyefungua shauri lile, alishinda. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019, na miaka ikapita vifungu vikiwa bado vimesimama kitabuni.

Sasa weka jambo hilo pembeni ya msimamo mwingine, ambao kila aliyewahi kuchelewa kukata rufaa ameusikia ukisomwa juu ya kichwa chake. Katika maombi ya Bushiri Hassan na Latifa Lukio Mashayo, namba 3 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisema ucheleweshaji, hata wa siku moja, lazima utolewe maelezo. La sivyo muda uliowekwa na kanuni hauna maana. Kwa hiyo tunaketi na wakili, au na kishoka wa kuandika barua kwa waliokosa wakili, tunahesabu. Siku hii nilikuwa nauguza. Siku hii nakala ya hukumu ilikuwa haijachapwa. Siku hii mvua ilikata barabara. Siku hii? Siku hii hatukumbuki. Maombi yanatupwa. Serikali ikikosea kwenye haki za mabinti inapewa mwaka. Sisi tukichelewa siku moja tunaulizwa siku hiyo ilikwenda wapi.

Mnaweza kusema hizo ni sheria za madai na katiba, kila moja na kanuni zake. Tunajua. Wasomi mna jibu kwa kila droo. Ila sisi hatuishi ndani ya droo. Tunaiona Mahakama ileile, katika jengo lilelile, ikijua vizuri sana namna ya kusubiri inapotaka.

Na kwa kuwa tumefika kwenye makosa ya wenye kalamu, tuwataje wajane wawili wa Kisukuma. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mirathi za kimila zilizowatoa kwenye nyumba za waume zao. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikaogopa kuzigusa isije ikalazimika kugusa mila zote, ikawaelekeza kwenye halmashauri za wilaya. Wakakata rufaa. Wakasubiri miaka minne. Mwaka 2010 rufaa yao ilianguka bila kufika kwenye hoja ya mirathi, kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye amri ya Mahakama Kuu. Amri haiandikwi na mjane. Tarehe haiwekwi na mjane. Ilibidi waende mpaka Umoja wa Mataifa, ambako Kamati ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliwapa haki yao mwaka 2015. Na hawakuwa peke yao. Kwa miaka mingi ulikuwapo mlolongo mzima wa maamuzi kwamba dikrii yenye tarehe tofauti na hukumu inaiua rufaa, na mwingine kwamba ukitaja kifungu kisicho sahihi kwenye maombi, maombi hayapo. Kila uamuzi uliegemea uliotangulia, mpaka mlolongo ukawa mrefu kuliko Katiba.

Maana Katiba ilikuwa imesema. Tangu mwaka 2000 ina Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Tulipoisoma tulifurahi. Kisha hukumu zikaja kutueleza kwamba ibara hiyo ni mwongozo, haifuti kanuni za mwenendo. Mwaka 2018 Bunge likaingiza kwenye sheria lengo kuu la kutenda haki kwa wakati na kwa gharama nafuu, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, katika shauri la ardhi la Yakobo Magoiga Gichere na Peninah Yusuph, ikakataa kufuta mwenendo kwa dosari za muundo wa Baraza la Kata ambazo hazikumnyima mtu haki. Tukapongezana. Kabla mwaka haujaisha, katika shauri la Kijiji cha Mondorosi na Kampuni ya Bia Tanzania, Mahakama ileile ikasema lengo hilo kuu haliwezi kutumika kiholela dhidi ya kanuni za lazima zinazogusa msingi wa shauri. Mawakili wanatueleza kwamba maamuzi haya mawili hayapingani. Tunawaamini. Lakini tunawaona wakiingia mahakamani, wa huku ameshika Gichere, wa kule ameshika Mondorosi, na hakuna kati yao anayeweza kutuambia asubuhi ni hukumu ipi itakayoshika jioni.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Yapo maamuzi yaliyotubeba. Mpaka mwaka 1993, aliyetaka kuishtaki Serikali alipaswa kwanza kuiomba Serikali ruhusa ya kuishtaki. Katika kesi ya Kukutia ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilisema hilo haliendani na Katiba, na mlango ukafunguka. Mwaka uliofuata Bunge likaweka sharti la notisi ya siku 90, na mwaka 2020 likaongeza kwamba hata anayeidai halmashauri atoe notisi hiyo, amuunganishe Mwanasheria Mkuu, na afungue shauri Mahakama Kuu. Wenye nguvu wasipoupenda msimamo wa Mahakama wana Bunge la kuwasaidia. Sisi tusipoupenda tuna benchi la nje ya masijala.

Mwaka 1990, kule Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika kesi ya Ephrahim na Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba alilorithi kwa baba yake kama mwanamume anavyoweza. Mwaka 1968 jaji mwingine, kwa suala la aina hiyohiyo, alikuwa amesema Wahaya wenyewe ndio wataibadilisha mila yao wakati ukifika. Miaka 22 baina ya majaji wawili. Hatuna njia ya kuwahesabu wanawake walioachia mashamba katikati hapo kwa sababu jaji wa kwanza aliona wakati haujafika. Na huyo wa pili alikuwa jaji mmoja wa Mahakama Kuu; aliwashawishi wenzake, hakuwafunga.

Kisha yupo Bi Hawa Mohamed. Hakuna mwanamke aliyedai talaka mahakamani ambaye hajatajiwa jina lake. Kabla ya kesi yake na Ally Seif, majaji wa Mahakama Kuu walikuwa kambi mbili kuhusu kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Wa kambi moja walisema mchango ni fedha au jasho lililoingia kwenye mali yenyewe. Wa kambi ya pili walisema kupika, kufua na kulea navyo ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikakata shauri: kazi za nyumbani ni mchango. Tangu hapo kina mama wasiohesabika wamegawiwa nyumba na viwanja kwa nguvu ya maneno yale. Yeye mwenyewe? Mahakama iliona mume alikwisha kumpa fedha za kuanzishia mradi, akazitumia zikaisha, hivyo sehemu yake alikuwa ameshaipokea. Akaondoka bila nyongeza. Msimamo ukabaki, mwenye jina akaenda zake mikono mitupu.

Hapo ndipo tulipoielewa kazi hii. Msimamo wa Mahakama hautungwi ofisini kwa amani. Unatungwa ndani ya maisha ya mtu, na ada za kuutunga hulipwa na mtu huyo. Benki au halmashauri inaweza kupoteza shauri moja leo ili ipate uamuzi mzuri wa kutumia katika mashauri mengine. Ina wanasheria wa kudumu na kesi hazitaiishia. Sisi kila mmoja ana kesi moja ya maisha yake. Hatuna kesho ya kufidia. Kwa hiyo misimamo mingi inakua kuelekea kwa wenye uwezo wa kufika mwisho wa safari, na sisi tunakutana nayo ikiwa imekwisha kukomaa.

Tunakutana nayo, tena, kwa lugha ya watu wengine. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili siku zote. Huko juu, ambako misimamo hutungwa, Kiingereza kilitawala mpaka juzi. Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya jaji huyo kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Tulipiga vigelegele. Lakini misimamo inayotubana iliandikwa kabla ya hapo. Hukumu iliyosema maoni ya wazee lazima yasomwe mbele yetu ili tuyaelewe, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Hukumu hizo sasa zimewekwa kwenye intaneti bure, yeyote asome. Ahsanteni. Mama wa ekari mbili ana simu ya tochi.

Hatukuandika haya kuomba huruma, na hatuombi Mahakama iache kufuata maamuzi yake. Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, kosa likiwa la Mwenyekiti, hakimu au karani, na hakuna upande ulionyimwa nafasi ya kusikilizwa, jalada lirudishwe kwenye hatua iliyoharibika, si mwanzo. Kama kilichokosekana ni kusoma maoni na wazee wale bado wapo, yasomwe, hukumu iandikwe upya. Ushahidi wa marehemu uachwe ulipo.

Pili, ikishindikana na shauri likaanza upya, ile sentensi ya kila upande kubeba gharama zake ifutwe kwenye kompyuta za waheshimiwa. Ada za kufungulia zisitozwe tena, na mashahidi walipiwe nauli na aliyekosea. Tunaamini siku bili itakapopelekwa kwa aliyesahau, kusahau kutapungua.

Tatu, kila msimamo mpya wa mwenendo uandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili, upelekwe kwa kila Mwenyekiti na ubandikwe kwenye ubao wa matangazo pale zinapobandikwa tarehe za kesi. Tukiujua, tutamkumbusha Mwenyekiti wenyewe: Mheshimiwa, maoni ya wazee hujatusomea.

Nne, na hili ndilo kubwa, Mahakama ijifunze kutuambia "kuanzia leo". Inapoanzisha sharti la mwenendo ambalo mabaraza ya nchi nzima hayakuwa yakilifuata, iseme linaanza kwa mashauri yatakayosikilizwa kuanzia tarehe ya hukumu. Serikali ilipoambiwa irekebishe Sheria ya Ndoa, Mahakama ilitambua kwamba mambo hayageuki kwa siku moja, ikampa mkosaji mwenyewe mwaka mzima. Sisi hata wakosaji si sisi, na mwaka hatuuhitaji. Tunaomba tarehe tu.